Kulisha ndege wa porini nyumbani wakati wa kipupwe: tuanze na maji, na tusiishie Agosti

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Ndugu wanajamvi, salaam. Kipupwe kimeingia, na kama ilivyo kila mwaka, baadhi yetu wa Nyanda za Juu Kusini tumeanza kuulizana namna ya kuwasaidia ndege tunaowaona alfajiri wakiwa wamejikunyata juu ya nyaya na nyua huku manyoya yametuna. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ushauri mwingi unaosambaa kuhusu jambo hili umetoka Ulaya na Marekani, na mtu akiufuata hapa kwetu bila kuupima, atawamwagia ndege nafaka katika miezi wanayojitafutia wenyewe bila shida, kisha atawaacha pale njaa yao inapoanza.

Huko Uingereza, mwezi Desemba usiku hufikia saa 16 na mwanga wa mchana hudumu kwa saa 8 tu. Ndege mwenye uzito wa gramu chache analazimika kula katika muda huo mfupi hadi apate mafuta ya kumvusha usiku mzima, na ikiwa theluji imefunika ardhi, mbegu zipo lakini hazifikiki. Ndiyo maana katika majira ya baridi kali ya 1890 hadi 1891 magazeti ya huko yaliwahimiza wananchi wawatolee ndege chakula, na ndiyo maana watu wa Norway wana desturi ya kutundika mganda wa nafaka nje ya nyumba wakati wa Krismasi. Msaada huo ulikuwa na sababu yake.

Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo hata Juni usiku unauzidi mchana kwa muda usiofika saa moja. Baridi tunayo kweli, kwani mjini joto la usiku hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10, na huko Kitulo, kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,600, sakitu huzifunika nyasi hadi jua litakapopanda. Joto la mwili wa ndege ni nyuzi 40 na kidogo zaidi, na kwa kuwa mwili mdogo una eneo kubwa la ngozi ukilinganisha na uzito wake, joto hilo hupotea upesi. Ndege hutunisha manyoya ili hewa inaswe katikati na kumkinga, na baadhi ya chozi wa milimani, wale ndege wadogo wanywao maji matamu ya maua, hufikia hatua ya kushusha joto la miili yao usiku ili wasimalize akiba yao ya mafuta. Hata hivyo, jua la asubuhi likishachomoza ardhi yetu huwa wazi, na kilichopo juu yake kinaliwa.

Tena mwezi Juni na Julai kilichopo ni kingi. Mahindi yanavunwa, nyasi zimekomaa na kupukutisha mbegu, kandokando ya njia kumejaa, na chiriku, shomoro, kwera na tetere wanashinda wakiokota. Kinachokosekana ni maji. Mvua hukoma takribani mwezi Mei na hazitarajiwi kurejea kwa uhakika hadi Novemba au Desemba, madimbwi yanakauka, mifereji ya barabarani inakauka, na ndege anayekula mbegu kavu hapati unyevu wowote wa maana katika chakula chake. Maji pia humwezesha kuoga, na manyoya machafu hayahifadhi joto. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kufanya jambo moja tu katika kipupwe hiki, naomba aweke maji.

Chombo kinachofaa ni bakuli pana la udongo, lenye kina cha vidole viwili au vitatu na ukingo usioteleza. Vyungu vya Ikombe, vinavyofinyangwa na akina mama wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, vinafaa sana kwa sababu udongo wake mkavu humpa ndege mahali pa kushika kucha. Ukiwa na beseni la plastiki, weka jiwe katikati ili ndege asimame juu yake, maana ndege wadogo na hata nyuki huzama katika chombo chenye kuta laini. Liweke mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka, ili paka asipate pa kujificha na kuvizia, lakini kichaka chenyewe kisiwe mbali kiasi kwamba ndege akishtuka hana pa kukimbilia. Maji yabadilishwe kila siku.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike kwa urefu. Wengi wetu huacha kuwajali ndege baridi inapokatika mwishoni mwa Agosti, kwa imani kwamba kipindi kigumu kimekwisha, ilhali kwa wala mbegu ndiyo kwanza kinaanza. Kufikia Septemba mbegu za ardhini zimepungua kwa kuliwa. Kati ya Agosti na Oktoba mashamba na vilima vinachomwa moto, na moto unateketeza sehemu ya mbegu zilizosalia pamoja na nyasi ambazo zingewaficha ndege. Halafu mvua za kwanza zinanyesha, sisi tunafurahi, na mbegu zilizobaki udongoni zinaota zote karibu kwa pamoja. Mbegu iliyoota si chakula tena cha chiriku, na nyasi mpya hazijazaa. Wanaofuatilia kwelea kwelea wanalijua jambo hili vizuri, kwa kuwa ndilo linaloyafanya makundi yale yahame mvua zinapoanza, yakaruka kwenda sehemu ambako mvua zilitangulia na nyasi zimeshakomaa. Shomoro na chiriku wa uani kwako hawana safari ya namna hiyo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: Juni hadi Agosti weka maji kila siku na nafaka kiganja kimoja tu asubuhi, zaidi kwa ajili ya kuwazoesha mahali, kuanzia Septemba ongeza kiasi, usipunguze mpaka uone nyasi za mwaka mpya zimetoa masuke. Ulezi ndio ninaoupenda kuliko nafaka zote, kwa sababu punje yake inaingia kwenye mdomo wa ndege mdogo kabisa na huku kwetu haukosekani sokoni. Mtama ni mzuri, chenga za mchele zinafaa, na alizeti isiyokaangwa ina mafuta mengi. Mahindi mazima hayana maana kwa chiriku, hivyo yaparazwe kwanza. Mikate, maandazi na chipsi zisitolewe, kwa kuwa zina chumvi na mafuta na lishe yake kwa ndege ni ndogo.

Tafadhali msitoe nafaka iliyoota ukungu kwa kisingizio kwamba ni ya ndege tu. Sumukuvu inayowadhuru binadamu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, inadhuru ndege pia, na mwili wa gramu kumi hauhitaji kiasi kikubwa ili kuharibika ini. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza kwa hatari hiyo. Usichoweza kumpikia mwanao, usimpe ndege.

Mchangiaji (Makambako)

Ndugu mwanzisha uzi, nashukuru kwa maelezo, ila nina shaka ambayo naamini si yangu peke yangu. Sisi wengine tunalima vinyungu, yaani bustani za mabondeni zenye unyevu, wakati huu wa kiangazi, na mpakani mwa uwanja wangu jirani ana kipande cha ngano. Tumekulia kwenye kazi ya kuamia ndege tangu utotoni, tukishinda juu ya dungu tukipiga kelele na kurusha mawe, na leo tunaambiwa tuwaite na kuwalisha. Je, nikiwakusanya kwera kwangu, sitakuwa nimempelekea jirani hasara? Nauliza kwa nia njema, kwa sababu huku kwetu ugomvi wa shamba haumaliziki upesi.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Shaka yako ni ya haki, ndugu yangu. Ikiwa kuna nafaka inayoelekea kukomaa karibu na nyumba yako, usitoe nafaka kabisa kipindi hicho. Weka maji tu, na wala hutakuwa umewanyima ndege. Kwera akishazoea kuja mahali kwa makundi, hatatofautisha sahani yako na shamba la jirani. Kwa wanaoishi Mbarali na Usangu kwa ujumla, ambako kwelea kwelea hushambulia mpunga kwa makundi makubwa hadi serikali hulazimika kunyunyiza sumu kwa ndege ya kilimo, mimi nisingeshauri mtu yeyote aweke nafaka nje katika msimu wowote ambao mpunga uko shambani.

Kwa walio mijini na vijijini ambako mavuno yamekwisha, tatizo hilo ni dogo, mradi kiasi kiwe cha kumalizika kabla ya adhuhuri. Sahani inayobaki na nafaka jioni huwalisha panya usiku, na panya huvuta nyoka.

Mchangiaji (Tukuyu)

Mimi ni mama mfugaji wa kuku wa kienyeji, na kila mwaka katika miezi hii mdondo unatupitia. Mtaalamu wa mifugo wa kata yetu alitueleza kwamba ndege wa porini, hasa jamii ya njiwa, wanaweza kuleta ugonjwa huo. Naomba mnisaidie: ninawapenda sana tetere wanaokuja uani, lakini kuku hao ndio ada za watoto wangu.

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Mama, alivyokueleza mtaalamu ni sahihi. Njiwa na tetere wanaweza kubeba virusi vya mdondo, na kuku nao wanaweza kuwaambukiza ndege wa porini, kwa hiyo kuwatenganisha ni kuwalinda wote wawili. Ningekuwa na kuku wanaozurura uani nisingeweka chakula cha ndege chini hata siku moja. Chanjo ya matone ya jicho itolewe kila baada ya miezi mitatu bila kuruka, chombo cha maji ya kuku kiwe chao peke yao, na chakula cha ndege, kama ni lazima kiwepo, kitundikwe upande ambao kuku hawafiki, na pasiwe na punje zinazodondoka wakaziokota. Ikiwa uwanja wako hauruhusu mtengano huo, panda maua na miti na uache habari ya nafaka.

Nikiwa hapohapo kwenye magonjwa, niseme kwamba suala hili ni zito hata pasipo kuku. Mwaka 2005 Uingereza kulianza mlipuko wa vimelea viitwavyo Trichomonas gallinae, vinavyoshambulia koo la ndege mpaka akashindwa kumeza. Vimelea hivyo huenea kwa mate na kwa chakula kilichotemwa, na mahali pa kulishia palipokusanya ndege wengi pakawa ndipo pa kuambukizana. Chiriku wa kijani wa nchi ile wamepungua kwa zaidi ya nusu tangu wakati huo, na mwaka 2025 shirika lao kubwa la ndege, RSPB, lilisitisha kuuza meza bapa za kulishia. Hawa ni watu waliowapenda ndege wao na kuwalisha kwa moyo, na wema wao ukawa njia ya ugonjwa. Mimi jambo hilo linaniuma, na ndiyo sababu nasisitiza usafi kuliko wingi wa chakula.

Chombo kisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni angalau mara moja kwa wiki, kisha kipitishwe kwenye maji yenye klorini kidogo, kisuuzwe, na kianikwe juani mpaka kikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Mahali penyewe pahamishwe mara kwa mara ili kinyesi kisilundikane. Ukiona ndege amezubaa, amevimba manyoya mchana wa jua, hakimbii unapomsogelea, au anameza kwa taabu, ondoa chakula na maji kwa wiki mbili au zaidi ili kundi litawanyike. Ndege waliokufa kwa wingi wasiguswe kwa mikono mitupu, na ofisa mifugo ajulishwe. Mwezi Januari 2017 homa kali ya mafua ya ndege ilithibitishwa Uganda baada ya ndege wa porini kukutwa wamekufa kando ya Ziwa Victoria.

Kwa anayetaka kupunguza uchafu tangu mwanzo, njia nzuri ni kufunga masuke mazima ya mtama au ulezi kwenye nguzo, kwa namna ileile ya mganda wa watu wa Norway. Ndege hudonoa moja kwa moja kutoka kwenye suke, hakuna sahani ya kujisaidia ndani yake, na suke likiisha unalitupa.

Mchangiaji (Mufindi)

Kamwene, ndugu zangu. Naunga mkono habari ya usafi, lakini naomba tusiwazungumzie wala mbegu peke yao. Mimi naishi pembezoni mwa misitu ya misindano ya Sao Hill, na atakayetembea humo ndani atakuta ukimya, kwa sababu chini ya misindano hakuna maua, hakuna matunda na wadudu ni wachache. Sehemu kubwa ya ardhi yetu kuanzia hapa hadi Njombe sasa ni misindano, miwati na mikaratusi, na sibezi, kwani ndiyo inayotusomeshea watoto. Lakini ndege aliyepoteza kichaka cha asili hataokolewa na kiganja cha ulezi. Chozi anataka maua, shore na kuwenzi wanataka matunda, kitwitwi anataka wadudu.

Nyanda zetu zina ndege ambao hawapo kwingine duniani. Kuna chiriku wa Kipengere, mwenye michirizi ya kahawia, anayepatikana katika milima ya Tanzania pekee. Kuna mbwigu wa Uhehe, mweusi mgongoni na mweupe kifuani, ambaye naye ni wa Tanzania tu, na huyu huja hadi kwenye bustani zetu, akakaa juu ya nguzo akitazama chini, akimwona panzi anamshukia. Mbwigu hali nafaka. Ukitaka kumlisha, acha kupulizia sumu bustanini, na acha ukanda mmoja wa nyasi bila kufyekwa, mbali na nyumba kwa sababu ya nyoka. Najua mama zetu hawapendi uwanja usiofagiwa, lakini ukanda wa mwisho kabisa, nyuma ya choo au kando ya uzio, hauwezi kumuudhi mtu.

Kwenye vyanzo vya maji pandeni mivengi, ambayo inatunza maji na matunda yake yanapendwa na ndege wengi. Mahali penye nafasi pandeni mkuyu. Na kila nyumba inaweza kuwa na mishubiri, ambayo mingi huchanua katika kiangazi hiki hiki, wakati maua mengine yamekwisha, na chozi huifuata kutwa nzima.

Mchangiaji (Iringa mjini)

Ndugu wa Mufindi, nimesoma mahali kwamba mtu anaweza kumtundikia chozi maji ya sukari. Je, jambo hilo ni salama, na vipimo vyake vikoje? Na pia, kwa kuwa tumezungukwa na parachichi za bei nafuu, je, tunaweza kuwapa shore badala ya ndizi?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Nitajibu mimi, kwa ruhusa ya ndugu yetu. Kipimo kinachotumiwa kwa ndege wanywao maji matamu ya maua ni sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji, bila rangi, na bila asali, kwa kuwa asali iliyochanganywa na maji huota kuvu upesi. Maji hayo yanatakiwa kubadilishwa kila siku au kila baada ya siku moja, na chombo kuoshwa kila mara, kwani sukari huchacha hata kwenye baridi yetu. Kusema kweli, mimi sioni faida yake mahali ambapo mshubiri unaweza kuota, maana mshubiri hauhitaji kuoshwa, nao huvuta wadudu wadogo ambao chozi huwakamata kwa ajili ya makinda.

Parachichi usiwape. Lina kemikali iitwayo persini, ambayo imewadhuru na kuwaua ndege wengi wa kufugwa, na hakuna sababu ya kuwajaribia ndege wa porini. Ndizi mbivu, papai na chungwa lililokatwa katikati na kuchomekwa kwenye msumari vinatosha, na vitakuletea shore, kuwenzi na kuzumburu. Mabaki ya nyama yasiwekwe nje kabisa, kwa sababu huvuta kunguru, na kunguru hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Pwani wanalijua hilo kwa machungu, tangu kunguru wa India walipoletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19.

Nilisahau kutaja sababu nyingine ya kukataa mikate. Watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha mwaka 2015 matokeo yaliyoonyesha kwamba bustani zilizotolewa mikate na nafaka ziliongeza shomoro na hua wa kigeni, huku ndege mmoja wa asili anayekula wadudu akipungua. Shomoro wa mijini kwetu naye ni mgeni. Nafaka ndogondogo, kwa kiasi kidogo, pamoja na maua na matunda, huwapa nafasi wenyeji.

Mchangiaji (Iringa vijijini)

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na naomba niongeze jambo ambalo halijasemwa. Mahali unapolisha ndege, watoto wa mtaa watapajua kabla ya ndege wenyewe. Watakuja na manati, na wengine watapaka ulimbo kwenye matawi ya jirani. Ndege waliokuwa wametawanyika watakuwa wamekusanywa na sisi kwa ajili yao. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa, lakini mtoto wa miaka tisa hamalizwi kwa sheria.

Ninachofanya ni kumpa kazi mtoto yule yule mwenye shabaha kuliko wote. Anakuwa msimamizi wa bakuli la maji, analiosha, na anaandika kwenye daftari ndege gani wamekuja na saa ngapi. Mtoto anayejua kwera dume anabadilika rangi msimu wa kuzaliana, na ambaye amemsubiri abadilike, hampigi. Wazee waambieni vijana hao majina ya ndege kwa Kihehe, Kibena, Kinyakyusa na Kisafwa, kwani majina hayo watoto wengi hawana tena.

Mchangiaji (Makete)

Nauliza jambo dogo. Huku kwetu maji ya bakuli huganda usiku. Je, niweke chumvi kidogo yasigande?

Mwanzisha uzi (Mbeya)

Hapana, ndugu yangu, usiweke chumvi wala kitu kingine chochote. Chumvi humdhuru ndege haraka. Mwaga maji jioni na ulilaze bakuli kifudifudi ili udongo usipasuke kwa barafu, kisha asubuhi, jua likishagusa uwanja, weka maji ya uvuguvugu. Liweke upande wa mashariki wa nyumba, mahali panapopata jua mapema na pasipo na upepo. Ndege watakuja baada ya kuota jua kwanza, kwa hiyo hujachelewa.